"Siku ya tatu akabadilika": usingizi wa mgonjwa wa kiharusi si nafuu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Kijiwe changu kipo chini ya mwarobaini, na huu ni mwaka wa 34 naziba pancha. Sijawahi kuandikia gazeti. Ila wiki iliyopita nimetoka kuzika tena, Makorora, na pale kwenye jamvi nikasikia maneno yaleyale niliyokwisha kuyasikia katika misiba isiyopungua minne: "Kiharusi kilimpata Ijumaa, akalazwa, akawa anaendelea vizuri, anaongea, anakunywa chai. Siku ya tatu akabadilika." Watu wakaitikia kuwa ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu siipingi. Lakini hilo neno "akabadilika" mimi najua lina nini ndani yake, maana lilifika hadi kitandani kwa mdogo wangu, na mpaka leo silipendi.

Gazeti lenu huandika juu ya kiharusi, na mnaandika vyema: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kimbilia hospitali. Mnaishia mlangoni mwa hospitali. Sijaona mkitueleza mgonjwa akishalazwa kunatokea nini kuanzia siku ya pili hadi ya tano, na hapo ndipo wengine wanapokatikia.

Mdogo wangu, tumbo moja na mimi, ana miaka 51, mchuuzi wa samaki. Alikuwa kila alfajiri anateremka Deep Sea na baiskeli yake, tenga nyuma, kungoja mashua. Jumamosi moja mwaka jana mkewe alimsikia gizani anahangaika na shati. Mkono wa kushoto haupati njia. Akawasha taa, akaona mdomo umevutwa kulia. Mwenyewe anasema hana kitu chochote, aachwe awahi samaki. Baadaye tuliambiwa hiyo nayo ni dalili: kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo huweza kumfanya mtu asijue kuwa upande wake wa kushoto umekufa. Usimsikilize anayekwambia mzima wakati mkono unaning'inia.

Nisifiche la kwetu. Kabla bajaji haijaitwa alikuja mzee jirani, mtu mwema sana, akasema kijana ametupiwa kitu njiani, akaandika kombe, yale maandishi ya kuoshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Sina neno na kombe, nimelelewa nalo. Neno langu ni kumnywesha mtu ambaye koo lake nusu halifanyi kazi. Alipaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka, na siku mbili zilizofuata kifua kikawa kinakoroma. Daktari alitwambia mtu wa kiharusi hatiliwi kitu mdomoni, yawe maji, uji, dawa ya hospitali au ya msikitini, mpaka apimwe kama anaweza kumeza. Halafu kulikuwa na muda. Ipo sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, na kwa kawaida mwisho wake ni muda wa saa nne na nusu tangu mtu alipoanza kuumwa. Sisi tulifika hospitali saa nne asubuhi, na hakuna aliyejua kiharusi kilimpiga saa ngapi ya usiku. Saa zetu tulizimalizia barazani.

Akapigwa picha ya CT. Daktari akasema hakuna damu iliyovuja kichwani. Tukashusha pumzi, mtu mmoja akatoka nje kupiga simu Pangani kuwaambia wazee watulie. Sentensi iliyofuata hatukuisikiliza: mshipa mkubwa wa upande wa kulia umeziba, na sehemu kubwa ya ubongo haipati damu. "Sehemu kubwa." Hapo ndipo tulipotakiwa kuuliza, kubwa kiasi gani, na ukubwa huo unaleta nini kesho na keshokutwa. Hatukuuliza, na walio zamu walikuwa wawili kwa wodi nzima, hawakuwa na nafasi ya kukaa wakatufundisha. Hospitali yenyewe siitaji. (Chanzo nacho kilijulikana: moyo unapiga bila mpangilio, na dawa za presha alikuwa ameziacha tangu mfungo kwa sababu alijisikia vizuri. Hapo sitakaa, kila nyumba Tanga ina mtu wa namna hiyo.)

Jumapili alikuwa mtu wa kuongea. Maneno yanaburuta kidogo, lakini yanaeleweka. Akauliza nguru amefika shilingi ngapi. Akanidai elfu tano yake mbele ya watu. Wodi ikajaa chupa za chai, akina mama wakamsugua mguu kwa mafuta ya habasoda, tukacheka. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kumsafirisha, Mhariri. Sisi tuliifanya siku ya kushukuru.

Usiku wake akasema kichwa kinamuuma. Alfajiri akatapika, tukasema uji umemkinai. Kisha akalala. Mkoromo mzito, wa mtu aliyetoka baharini siku tatu. Jumatatu asubuhi kila aliyeingia alisema afadhali amepata usingizi, mwacheni apumzike. Mwanawe wa mwisho alitaka kumwamsha amsalimie kabla hajaenda shule, nami ndiye niliyemvuta mkono nikamtoa nje. Hilo huniamsha usiku mpaka sasa.

Yapata saa sita mchana akapita binti mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, amebeba trei. Hakuwa na kazi na kitanda chetu. Akasimama tu, akausikiliza ule mkoromo. Akamwita jina, kimya. Akambana bega kwa vidole, mdogo wangu akakunja uso, hakufumbua. Binti akamfunua jicho la kulia akamulika tochi, akalifunua la kushoto akamulika. Mimi nilikuwa nimeinama pembeni yake, nikaona: mboni ya kushoto ndogo, ya kulia pana kama ya paka gizani, na mwanga ukipita haibani. Trei aliiweka juu ya miguu ya mgonjwa, akakimbia.

Daktari alinieleza baadaye, nikiwa sina hata nguvu ya kusimama. Ubongo uliokosa damu hufa, na ukifa hunyonya maji ukavimba. Uvimbe huanza kidogokidogo siku ya kwanza, hupanda siku ya pili, ya tatu, mara nyingine hadi ya tano. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Nikamwambia, daktari, hiyo naijua, hiyo ni tyubu ndani ya tairi. Ukipampu kupita kiasi, tyubu inatafuta penye upenyo, na kama tairi limechanika hata kidogo itatoa nundu pale pale. Akasema sawasawa, na upenyo mkubwa wa fuvu ni mmoja, tundu la chini unakopita uti wa mgongo. Hapo ndipo linapokaa shina la ubongo linaloendesha pumzi. Ubongo ukisukumwa kushuka huko, mtu haamki tena. Ile mboni pana ni alama kwamba msukumo umeshaanza.

Akaniambia na jambo lililonishangaza: vijana na watu wa makamo huumizwa zaidi na uvimbe huu kuliko wazee. Ubongo wa mzee umesinyaa kidogo, umeacha nafasi ndani ya fuvu. Wa mtu wa miaka 51 umejaa tele. Sisi tulikuwa tunajifariji eti huyu bado kijana, atahimili.

Wakamwinua kichwa cha kitanda kwa nyuzi 30, shingo imenyooka isipinde kwenye mto, ili damu iteremke kirahisi. Wakamwekea oksijeni. Wakamtundikia dripu ya manitoli, inayovuta maji kutoka kwenye ubongo na kuyatoa kwa mkojo. Kwingine hutumia maji ya chumvi kali, kazi yake ni hiyohiyo. Shemeji yangu akalia wamtundikie dripu ya sukari, ile tunayoiita ya nguvu, maana mume wake hajala. Wakamkatalia. Maji yale yakishaachana na sukari huingia kwenye ubongo na kuuvimbisha zaidi. Jirani mwingine, ambaye baba yake aliwahi kuwa na uvimbe wa aina nyingine kichwani, alinihimiza ninunue sindano za deksamethasoni, na niliikamata pikipiki niende duka la dawa. Daktari akaniita nirudi. Kwa uvimbe wa kiharusi sindano hizo hazisaidii, tena zinapandisha sukari mwilini na kufungua mlango wa maambukizi. Nayaandika haya kwa sababu najua wodini kuna ndugu wengi wenye pesa mkononi wanaotafuta cha kununua.

"Hivi vyote," daktari akasema, "ni kupunguza upepo kwa muda. Kulegeza tairi ni kazi ya mpasuaji wa ubongo."

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Nimesafiri njia hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuiona ndefu hivyo. Muheza, Segera, Mkata, daraja la Wami, Chalinze, na kila tuta muuguzi anakishika kichwa kwa viganja viwili kama mtu aliyebeba chungu. Mgonjwa tunayemhangaikia hivi, jana yake angeweza kukaa kwenye kiti na kuhesabu vituo.

Tulipofika, shemeji akawekewa karatasi ya kusaini. Watatoa kipande cha fuvu upande wa kulia, kikubwa, upana wake usiopungua sentimita 12, na kuupasua utando ulio chini yake, ubongo upate pa kutokea nje badala ya kwenda chini. Shemeji akasema hapana. Wazee wa Pangani kwenye simu wakasema hapana, mtu akishafunuliwa fuvu si mtu tena. Mimi mwenyewe nilidhani wanataka kukata ubongo. Mpasuaji, kijana tu, ana miaka ya mwanangu, akatuambia pole pole: "Ubongo hatuugusi. Tunautengenezea nafasi. Kilichokufa hatukifufui, mkono ule msiutegemee. Tunaokoa kilichobaki." Akaongeza kwamba mbio zake ni saa 48 za mwanzo, nasi tulikuwa tumeshazipita, kwa hiyo kila dakika ya kubishana ni yetu. Shemeji akanitazama. Nikamwambia, shemeji, mimi nimemzuia mtoto asimwamshe baba yake, siwezi kuzuia na hili. Akasaini kwa mkono unaotetemeka, herufi zimepanda juu ya mstari.

Walimfungua usiku huo. Mfupa waliuweka chini ya ngozi ya tumbo lake, uhifadhike humo mpaka wakati wa kuurudisha. Msicheke, mdogo wangu alikaa miezi minne na kipande cha kichwa chake tumboni, na mtu yeyote akimletea maneno anamwambia, "Mimi nafikiri kwa tumbo." Wiki za kwanza upande ule wa kichwa ulikuwa umetokeza nje. Uvimbe ulipoisha ukabonyea ndani kama embe lililopondeka, na tulimnunulia kofia ngumu ya pikipiki ya kuendea msikitini, anaivua pale anapotaka kusujudu nami nakaa karibu na kichwa chake.

Sitaki niandike kama niliyepewa muujiza. Binti ya dada yangu anasomea uuguzi, na alinisomea hesabu zenyewe. Mwaka 2007 madaktari wa Ulaya walijumlisha matokeo ya majaribio matatu, ya Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, wagonjwa 93 wa miaka 18 hadi 60 wenye kiharusi kikubwa cha namna hii. Kati ya kila 100 waliotibiwa bila kufunguliwa fuvu, baada ya mwaka walikuwa hai 29. Waliofunguliwa ndani ya saa 48, hai 78. Nilipiga meza. Akaniambia mjomba ngoja, soma na mstari wa pili: waliofikia kutembea wenyewe bila kushikwa ni 43 kwa 100, na wasiofunguliwa 21. Maana yake kuna kundi kubwa katikati, wameokoka, lakini watainuliwa na kulazwa na watu wengine. Kwa waliozidi miaka 60 kuna utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2014: upasuaji uliokoa uhai wa wengi, na wengi katika waliookoka walibaki wakihitaji kusaidiwa karibu kila kitu. Haya ni mambo ya kuelezwa familia mapema, wakiwa wamekaa, wamekunywa maji. Sisi tulielezwa saa tatu usiku tumesimama kwenye korido, na wazee wanapiga kelele kwenye simu. Nawaheshimu wanaosaini na nawaheshimu wanaokataa, mradi wamejua wanachokikataa.

Mdogo wangu yumo kwenye wale wa kutembea, kwa mkongojo na kuburuta mguu. Mkono wa kushoto haujarudi. Kubwa zaidi ni lile ambalo hatukulitarajia: upande wa kushoto wa dunia haupo kwake. Ananyoa ndevu shavu la kulia anasema amemaliza. Anagonga kila mlango kwa bega la kushoto. Siku ya kwanza aliporudi nyumbani shemeji alimpakulia wali na changu wa kupaka. Akala, akasukuma sahani, akalalamika kwamba amepewa wali mtupu, samaki wameliwa na watoto. Sahani ilikuwa imegawanyika katikati kama imepigwa mstari wa rula: kulia peupe, kushoto wali umekaa kama ulivyopakuliwa, na changu mzima juu yake. Shemeji akaenda jikoni kulia. Mimi nikaizungusha sahani. Akamwona samaki, akanitazama kama mchawi. Sasa watoto wote wa nyumba ile wamezoea, mmoja anapita anazungusha sahani ya baba bila kusema kitu.

Ninachokiomba, Mhariri, ni nafasi katika gazeti lenu, hata robo ukurasa, kwa ajili ya ndugu wanaokaa kando ya kitanda. Waambieni siku ya kwanza wamuulize daktari: sehemu iliyokosa damu ni kubwa kiasi gani? Picha itarudiwa lini? Akianza kusinzia tumwite nani, na usiku je? Kama ni kiharusi kikubwa na mgonjwa hajafika miaka 60, kwa nini asipelekwe leo palipo na mpasuaji wa ubongo, angali anaongea? Mpasuaji wa namna hiyo hayupo kila mkoa. Taasisi ya Mifupa (MOI) pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni sehemu moja inayofanya upasuaji wa ubongo, na kutoka huku ni safari ya kutwa, si safari ya kuanza wakati mboni imeshapanuka.

Waambieni pia wamwamshe. Wodini kwetu kumwamsha mgonjwa ni utovu wa adabu, mama mkwe atakutolea macho. Mwamsheni hivyohivyo, kila baada ya muda, mchana na usiku, aseme jina lake na mahali alipo, akukamate kidole kwa mkono wake mzima. Madaktari wana kipimo chao cha fahamu, juu kabisa ni 15, chini kabisa ni 3, na ndugu asiyejua kusoma anaweza kuuliza, "Jana alikuwa ngapi, leo ngapi?" Namba ikishuka, apige kelele. Kama jana alikuwa anabishana na leo anaitika tu, kama ametapika na kichwa kinamuuma, kama anakoroma na hakuwa mkoromaji, hiyo si nafuu.

Na wenye hospitali nawaomba jambo dogo la bei rahisi: atakayemwandikia mgonjwa "kiharusi kikubwa" kwenye faili, amwambie na ndugu yake kwa Kiswahili kile alichokiandika.

Jina langu na namba ya simu nimeviandika kwenye karatasi ya pembeni, naomba visichapwe, mdogo wangu hapendi kusemwa mjini. Siku hizi anashinda nami kijiweni. Anaibana tyubu kwa magoti, anasugua kwa msasa, anapaka solusheni kwa mkono wa kulia, na viraka vyake vinashika kuliko vyangu. Barua hii nimemsomea yote kabla ya kuituma. Amesema nimekosea mahali pamoja: deni lilikuwa elfu saba, na bado sijamlipa.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga.